Mafaili ya kifua kikuu ya Shirika la Afya Duniani: tathmini ya karani mstaafu wa Mwanza

Kwa miaka kumi na tisa nilikuwa karani wa takwimu katika kitengo cha kifua kikuu na ukoma cha wilaya moja ya Kanda ya Ziwa, na katika muda huo wote sikuwahi kufungua hata mara moja ukurasa ambako namba zetu za kila robo mwaka zilikuwa zikiishia. Tulijaza, tukajumlisha, tukatuma. Yaliyofuata yalikuwa ya wakubwa. Aliyenifikisha huko ni mpangaji wangu wa Nyakato, binti anayesoma mwaka wa tatu katika chuo kimoja hapa Mwanza, ambaye jioni moja alibisha hodi akiwa na kompyuta mpakato mkononi, akaniamkia, kisha akauliza: "Mzee, samahani, hii namba ya Tanzania wameitoa wapi? Mwalimu amenirudishia kazi, anasema nimechanganya vitu viwili." Nilimwomba siku mbili. Zimegeuka miezi miwili, na haya ndiyo niliyoyaona.

Ninachokitathmini ni huduma ya takwimu za kifua kikuu ya Shirika la Afya Duniani, yaani ripoti ya dunia ambayo imekuwa ikitolewa kila mwaka tangu 1997, pamoja na mafaili ya kupakua, kurasa za wasifu wa kila nchi na programu ya simu vinavyoambatana nayo. Vyote ni bure na havidai kujisajili. Gharama yako ni bando. Mafaili ni mepesi kuliko nilivyotarajia, kiasi kwamba la kwanza nililipakua kwa simu nikisubiri daladala pale Buzuruga, na yanafunguka kwa programu yoyote ya lahajedwali. Kila mstari ni nchi moja kwa mwaka mmoja, kila nchi ikiwa na alama ya herufi tatu (sisi ni TZA), na jina la faili hubeba tarehe ya siku ulipolipakua. Tarehe hiyo inaonekana kitu kidogo, lakini nitairudia.

Idadi ya wagonjwa walioripotiwa inaanzia mwaka 1980, matokeo ya matibabu yanaanzia 1994, na makadirio ya ukubwa wa ugonjwa yanaanzia 2000. Safu ni nyingi mno na majina yake yamefupishwa kiasi cha kutisha. Anayekutana na c_newinc au e_inc_100k kwa mara ya kwanza atadhani ameibiwa nywila ya mtu. Kinachookoa ni faili la ziada ambalo ni kamusi ya safu zote, linaloeleza kila jina kwa sentensi moja au mbili. Nilianza bila kamusi hiyo na nikapoteza siku nne. Atakayenifuata aipakue kwanza kabla ya kitu kingine chochote.

Kosa la binti, nadhani, hufanywa na wengi. Alichukua idadi ya watu walioripotiwa kuwa na kifua kikuu katika mwaka mmoja, akaigawa kwa idadi ya Watanzania, akasema hicho ndicho kiwango cha watu wanaougua. Lakini ndani ya mafaili haya zimo namba zilizohesabiwa na zimo namba zilizokadiriwa, na tofauti yake ni ile iliyopo kati ya magunia ya dagaa yaliyoshushwa kwenye soko la samaki la Mwaloni Kirumba na dagaa wote waliomo ziwani. Magunia huhesabiwa na karani mwenye kalamu. Dagaa waliobaki majini hukadiriwa na wataalamu wa uvuvi wanaopita na meli yenye kifaa cha kupima kwa mwangwi, na hakuna mwenye akili timamu atakayewaambia kwamba wamehesabu samaki mmoja mmoja. Kwa mwaka 2024 nchi ziliripoti watu milioni 8.3 waliogunduliwa kuwa na kifua kikuu, ilhali waliougua wanakadiriwa kuwa milioni 10.7, hao milioni 2.4 wa katikati ama hawakufika kwenye kipimo, ama walipimwa na kutibiwa mahali ambapo hakuna aliyewaandika. Katika mafaili, safu za makadirio huanza kwa herufi e na kistari cha chini, na kila kadirio linafuatana na safu mbili nyingine, moja ya mpaka wa chini na moja ya mpaka wa juu. Mimi, niliyelelewa katika ofisi ambako namba isiyo na uhakika ilifutwa kwa kifutio, nilivutiwa sana na hizo safu mbili.

Ili kuona kwa nini utenganisho huo una maana, angalia mwaka 2020. Walioripotiwa duniani walishuka kutoka milioni 7.1 mwaka 2019 hadi milioni 5.8, na mtu anayesoma safu moja tu angeshangilia. Ukweli ni kwamba ugonjwa haukupungua. Watu walikaa nyumbani kwa hofu ya korona, maabara zikapewa kazi nyingine, na waliokuwa wakikohoa hawakupimwa. Baada ya hapo idadi ikaanza kupanda tena, milioni 7.5 mwaka 2022 na milioni 8.2 mwaka 2023, na kupanda huko kwa sehemu kubwa kulikuwa habari njema.

Sasa nieleze namba iliyohesabiwa inavyosafiri, kwa maana hapo ndipo nina ushahidi wangu mwenyewe. Inaanzia kwenye kikopo cha makohozi. Maabara inapima, siku hizi mara nyingi kwa mashine ya GeneXpert, na jibu linaandikwa kwenye rejista ya maabara. Mgonjwa anafunguliwa kadi ya matibabu, na jina lake linaingia kwenye rejista ya kituo likiwa na umri, jinsia, aina ya ugonjwa, kama ni mpya au umemrudia, na hali ya VVU. Mratibu wa kifua kikuu na ukoma wa wilaya hupita vituoni, hulinganisha rejista, na mwisho wa robo mwaka hutengeneza jumla. Zamani jumla hiyo ilikwenda mkoani kwa karatasi, ikaenda taifa kwa karatasi. Sasa mgonjwa mmoja mmoja huingizwa kwenye mfumo wa kielektroniki na jumla hujitengeneza. Kwa upande wa mataifa, tangu 2009 kila nchi huingiza taarifa zake za mwaka kwenye mfumo wa mtandaoni wa Shirika la Afya Duniani kupitia watu walioteuliwa na mpango wa taifa. Nchi za Umoja wa Ulaya huripoti kwanza kwa kituo chao cha kudhibiti magonjwa, na taarifa zao za wagonjwa huhamishiwa kwenye hifadhi ya dunia kutoka huko. Zanzibar na Bara, kwenye faili, ni mstari mmoja.

Kwenye jambo hili nitaomba niruhusiwe kujivuna kidogo. Mpango wetu wa taifa wa kudhibiti kifua kikuu na ukoma ulianzishwa 1977, na tangu mwishoni mwa miaka hiyo ya 1970 Dkt. Karel Styblo, mzaliwa wa Chekoslovakia aliyefanya kazi Uholanzi, alishirikiana na wataalamu wa Tanzania kujenga utaratibu wa kuandika na kuripoti ambao baadaye ulikuwa msingi wa mkakati wa DOTS, yaani matibabu ya kifua kikuu ambapo mgonjwa humeza dawa chini ya uangalizi, uliosambazwa duniani katika miaka ya 1990. Kiini chake ni hesabu ya kundi. Kama walioanza dawa kuanzia Januari hadi Machi ni 80, basi waliopona, waliomaliza dawa, ambao matibabu hayakufaulu, waliofariki, waliopotea kwenye ufuatiliaji na ambao hatima yao haikujulikana lazima wajumlike 80, na asipotokea mmoja huwezi kufunga kitabu. Nimefanya hesabu hiyo kwa kalkuleta mara nyingi kuliko nilivyohesabu fedha za mshahara wangu. Nilipokuja kusoma kwamba mfumo wa mtandaoni wa dunia, nchi inapojaza matokeo ya matibabu, huangalia kwanza kama mafungu yote yanafika jumla ya walioanza, nilicheka peke yangu sebuleni. Ni hesabu ile ile ya wilayani, imepanda ndege.

Ukaguzi hauishii hapo. Mfumo hulinganisha namba na namba wakati uleule nchi inapojaza: wanaume na wanawake kwa makundi ya umri hawawezi kuzidi jumla, waliopimwa VVU hawawezi kuzidi wagonjwa, na mwaka unaoruka mno juu au chini ya mwaka uliotangulia hudai maelezo. Baada ya mashine huja watu. Wataalamu wa makao makuu, wa kanda na wa ofisi za nchi hupitia kila fomu na kurudisha maswali kwa mpango wa taifa, na makadirio nayo hurudishwa kwa nchi husika ili iyapitie kabla ripoti haijachapishwa. Kwa ukaguzi wa kina zaidi wa mfumo mzima wa nchi ipo orodha ya viwango iliyotolewa 2014, na nampendekezea kila karani aisome, kwa sababu vipimo vyake vinaeleweka hata na asiye mtaalamu. Mmojawapo unasema kwamba katika nchi za kipato cha chini na cha kati, watoto walio chini ya miaka 15 wanatarajiwa kuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya wagonjwa wapya. Wilaya ikileta asilimia 2, haimaanishi kwamba watoto wake wana afya ya ajabu. Inaelekea hawapimwi, maana mtoto mdogo ni shida kumtoa makohozi. Ikileta asilimia 30, huenda kuna daktari anayemwandikia dawa kila mtoto anayekohoa. Sisi hatukuwa na kipimo hicho ukutani enzi zangu, na ninatamani tungekuwa nacho.

Lakini kuna makosa ambayo hakuna mashine itakayoyaona, kwa kuwa namba zenyewe zinajumlika vizuri. Wilaya yetu ilikuwa na visiwa, na visiwa vilikuwa na kambi za wavuvi wa dagaa. Dagaa huvuliwa kwa taa usiku wa giza. Mbalamwezi ikitoka, kambi hupumzika, na watu huenda nyumbani kwao, wengine Ukerewe, wengine Musoma, wengine Bukoba, kisha giza likirudi huenda mwalo mwingine, yaani ufuko mwingine wa kushushia samaki, ambako dagaa wanasikika wamejaa. Mgonjwa aliyeanza dawa katika zahanati ya kisiwa kimoja anaweza kuwa katika kisiwa cha tatu kabla hajamaliza miezi miwili. Akiacha dawa kwa miezi miwili mfululizo, kanuni inasema ameandikwa kuwa amepotea kwenye ufuatiliaji. Je, akifika mwalo mpya na kadi yake imelowa maji, na muuguzi wa huko akamfungulia kadi nyingine kama mgonjwa mpya? Basi mtu mmoja amekuwa wawili: mmoja amepotea kwetu, mwingine amepona kwao. Robo moja tuligundua wanne wa namna hiyo, kwa bahati tu, kwa sababu nahodha wa mtumbwi mmoja alikuwa na jina lisilosahaulika. Wangapi hatukuwagundua? Mfumo wa kielektroniki wa mgonjwa mmoja mmoja umepunguza tatizo hili, kwani majina yanayofanana yanaweza kutafutwa kati ya wilaya na wilaya, ila unategemea jina kuandikwa kwa namna ileile mara zote mbili, na aliyezoea majina ya huku kwetu anajua kwamba Masanja anaweza kuwa wa Kwimba, wa Magu na wa Misungwi kwa siku moja.

Tena kuna kosa la upande wa pili, la mtu ambaye hahesabiwi kabisa. Njia rahisi ya kulikamata ni kuweka rejista ya maabara na rejista ya matibabu juu ya meza moja na kupita na rula, jina kwa jina: nani alikutwa na vimelea na hajaonekana kwenye dawa? Kazi hiyo inachosha macho na mgongo, na ndiyo sababu hurukwa. Kwa kiwango cha nchi, uchunguzi wa namna hiyo huunganisha orodha za maabara, hospitali binafsi, maduka ya dawa na mpango wa taifa ili kuona wangapi waligunduliwa bila kuripotiwa. Indonesia iliufanya na matokeo ya 2017 yakaonyesha kwamba asilimia 41 ya waliogunduliwa hawakuwa wameripotiwa. Niliisoma namba hiyo mara mbili. Watu walikuwa wamefika kwa daktari, wamepimwa, wameambiwa ugonjwa wao, na bado kwenye kitabu cha taifa hawakuwapo.

Makadirio yenyewe yanatengenezwaje? Njia inatofautiana kwa nchi. Penye usajili mzuri na huduma inayomfikia karibu kila mtu, walioripotiwa huongezwa kidogo tu. Penye pengo kubwa, njia inayoaminika zaidi ni kwenda kuwatafuta wagonjwa majumbani, na sisi tulifanya hivyo. Utafiti wa kwanza wa taifa wa kiwango cha kifua kikuu ulikusanya data 2012 na kushirikisha watu zaidi ya 50,000 wenye umri wa miaka 15 na zaidi, ambao waliulizwa dalili, wakapigwa picha ya kifua, na walioonekana kuwa na shaka wakatoa makohozi. Matokeo yakawa kwamba mzigo ulikuwa mkubwa kuliko tulivyodhani, na kati ya ripoti ya 2014 na ya 2015 kadirio la Tanzania lilipanda takribani mara mbili. Jirani zetu wa ziwa hili waliona jambo lilelile: Uganda katika utafiti wa 2014 hadi 2015, na Kenya katika ule wa 2015 hadi 2016. Nakumbuka siku hizo baadhi ya wenzangu ofisini wakisema tumeshindwa kazi, kwamba ugonjwa umeongezeka mikononi mwetu. Haukuongezeka. Tulikuwa tumepewa rula mpya, na rula hiyo ilionyesha kwamba urefu ulikuwapo siku zote.

Vifo ni hadithi nyingine, na nitaipita haraka. Nchi zenye usajili kamili wa vifo na sababu zake huutumia huo. Kwa nchi kama yetu, ambako wengi huzikwa bila sababu ya kifo kuandikwa popote, vifo hukadiriwa kutokana na idadi ya wanaougua na uwiano wa wanaofariki kati yao, waliotibiwa na wasiotibiwa. Kwa hiyo vifo vya Tanzania kwenye faili ni makadirio yaliyosimama juu ya makadirio, na msomaji asiyeangalia mpaka wa chini na wa juu anajidanganya mwenyewe.

Hapo ndipo tarehe kwenye jina la faili inaporudi. Kila ripoti mpya hufanya upya makadirio ya miaka yote tangu 2000, kwa kuwa kila mwaka huleta ushahidi mpya au njia bora zaidi, na nchi nazo huruhusiwa kusahihisha namba walizoripoti zamani. Kwa hiyo kadirio la mwaka 2013 lililomo kwenye ripoti ya 2014 na kadirio la mwaka huohuo 2013 lililomo kwenye faili la leo ni vitu viwili tofauti. Binti alikuwa ameokota namba moja kutoka ripoti ya zamani, ya pili kutoka ripoti mpya, akachora mstari kati yake na kuandika kwamba ugonjwa Tanzania uliongezeka maradufu kwa mwaka mmoja. Kanuni ni kuchukua mfululizo wote kutoka faili moja, lililopakuliwa siku moja, na kuandika tarehe hiyo chini ya mchoro.

Mtego wa pili ni wa 2013. Mwaka huo fasili za wagonjwa na fomu za kuripoti zilirekebishwa, na safu za zamani za wagonjwa wapya waliokutwa na vimelea kwa darubini, zilizogawanywa kwa umri na jinsia, zinakoma 2012. Kuanzia 2013 zinakuja safu nyingine zinazojumlisha wagonjwa wapya wote pamoja na waliorudiwa na ugonjwa. Anayeunganisha safu hizo mbili kana kwamba ni moja atapata ngazi kwenye mchoro na kuanza kutafuta mlipuko ambao haukuwapo. Marekebisho hayohayo yalibadilisha pia maneno, na hapo nina ya kusema. Sisi tulikuwa tukimwita aliyeacha dawa "mtoro" na anayesubiri kipimo "mshukiwa", kana kwamba tunaendesha kituo cha polisi. Maneno hayo yaliondolewa, yakawekwa "aliyepotea kwenye ufuatiliaji" na "anayedhaniwa kuwa na kifua kikuu". Marefu, ndiyo, na hayaingii vizuri kwenye kisanduku cha fomu, lakini mvuvi aliyefuata dagaa kisiwani Goziba si mtoro.

Mtego wa tatu ni kisanduku kitupu. Kwenye mafaili haya kisanduku kitupu maana yake nchi haikuripoti, na sifuri maana yake nchi iliripoti kwamba hakuna. Lahajedwali nyingi hazijali tofauti hiyo ukianza kujumlisha.

Malalamiko yangu ni machache. Mafaili niliyoyatumia ni ya ngazi ya nchi, kwa hiyo anayetaka Mwanza, achilia mbali Ilemela au Sengerema, hataipata humo, na mzunguko wa ripoti unafanya namba kamili za mwaka mmoja zisomwe karibu na mwisho wa mwaka unaofuata. Tangu janga la korona zimeongezwa namba za awali za kila mwezi au robo mwaka kutoka nchi nyingi, ambazo zinasaidia kuona mwelekeo mapema, ila ni za awali na zinaweza kubadilika. Lugha ni tatizo kubwa zaidi. Kamusi ya safu, maelezo ya mbinu na ripoti nzima vinadai Kiingereza kizuri, na muuguzi wa zahanati ya kisiwani ambaye ndiye aliyeandika jina la kwanza kabisa kwenye rejista hana namna rahisi ya kuona kazi yake imeishia wapi. Kiswahili kina siku yake ya kimataifa, Julai 7. Kingependeza pia kuwa na ukurasa mmoja wa wasifu wa Tanzania.

Programu ya simu ni nzuri kwa kuonyesha watu namba haraka, lakini kwa kazi yoyote ya kuchora au kukokotoa rudi kwenye mafaili. Ripoti yenyewe isomwe pamoja na kiambatisho cha mbinu, na kwa anayejua kuandika programu za takwimu, zile zilizotumika kutengeneza majedwali na michoro ya ripoti za miaka ya karibuni zimewekwa wazi mtandaoni, jambo ambalo kwa karani wa zamani aliyezoea majedwali yasiyo na asili ni anasa. Ninaipa huduma hii nyota nne kati ya tano. Nyota ya tano ningeitoa kama ngazi ya mkoa na lugha yetu vingekuwamo.

Binti amerudia kazi yake. Mchoro wake mpya una mistari miwili, mmoja mwembamba wa walioripotiwa na mmoja wa makadirio ukiwa ndani ya kivuli kinachoonyesha mpaka wa chini na wa juu, na kivuli hicho kwa Tanzania ni kipana kama mlango wa bahari. Mwalimu ameupokea. Ameuliza tu kwa nini hakuna mstari wa Mwanza, na jana jioni tulikaa kibarazani tukiandika barua ya kuomba namba za mkoa, kwa robo mwaka, kuanzia mwaka ule mfumo wa kielektroniki ulipoanza kutumika.